Somo: Mashine ya presha kwa kabro na bustani (anza na maji, si na bar)

Masika yakishika Nairobi, kabro (matofali ya kutandika uani) huota ukungu wa kijani na ngazi za mawe ya mazeras huteleza vibaya. Ndipo watu hukimbilia mashine ya presha, ile ya kuoshea kwa maji ya nguvu, na dukani swali la kwanza ni "ina bar ngapi?", yaani kipimo cha presha. Mimi ningeanza na maji.

Hatua ya 1: Pima bomba lako. Weka mtungi wa lita 20 chini ya bomba, fungulia lote, tazama saa. Mashine ndogo za nyumbani hutaka lita 6 hadi 8 kwa dakika. Mtungi ukijaa kwa dakika mbili, uko sawa. Ukichukua nne, pampu itakosa maji, itavuta hewa na kuharibika. Tangi la juu lisikudanganye: kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1, kwa hiyo lililo mita 4 juu ya bomba halifikishi hata nusu. Wenzangu wa maji ya mgao wenye tangi la chini, tafuteni mashine inayovuta maji yenyewe (si zote huweza, mbane muuzaji) na mtie chujio mdomoni mwa mpira. Mchanga wa chini ya tangi hula pampu.

Hatua ya 2: Chagua. Kwa kabro, ukuta na toroli, ya umeme ya bar 100 hadi 130 yatosha. Soma bar ya kufanyia kazi, si ile ya juu kabisa iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Za petroli waachie wenye kazi ya kuosha magari. Na ukiwa nayo, usiiwashe ndani ya gereji, moshi wake huua.

Hatua ya 3: Umeme. Soketi iwe na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachohisi umeme ukivuja. Ekstensheni ikibidi, iwe ya waya nene, ikunjuliwe yote, na kiungo chake kikae pakavu.

Hatua ya 4: Toa hewa. Fungulia maji mashine ikiwa imezimwa, bonyeza kifyatulio hadi maji yatiririke bila kukohoa. Ndipo uwashe.

Hatua ya 5: Nozeli na umbali. Nozeli ni kile kichwa cha kutolea maji, na rangi yake huonyesha pembe ambayo maji hutawanyika. Kwa seti nyingi, nyekundu ni nyuzi 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ya sabuni. Nyekundu ifungie kwenye droo. Anza na nyeupe, umbali wa nusu mita, ukisogea taratibu. Kabro ipigwe kimshazari. Ukilenga viungo moja kwa moja mchanga hutoka na mawe huanza kucheza. Magome ya miti na ua la kayaba usiyaguse.

Sasa la usalama, ambalo wengi hulipuuza. Maji haya hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama tundu la sindano tu, kumbe uchafu umeshasambaa ndani ya nyama. Usifunge kitambaa ukaendelea na kazi: nenda hospitali saa hiyo hiyo na useme ni maji ya presha. Vaa gambuti, miwani na suruali ndefu. Watoto na mbwa wakae ndani. Na ile tabia ya kujisuuza matope miguuni kwa mashine, jamani, iacheni.

Ukimaliza: zima, funga bomba, bonyeza kifyatulio presha iishe, kisha chomoa mpira.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja wa Rongai: Mwalimu, naweza kuosha paa?*
Usipande nayo juu, mama. Ukibonyeza, inakusukuma nyuma. Mabati yenye kutu pia yatatoboka. Na kama paa ni la asbesto, kama baadhi ya nyumba za zamani, usilipige presha kamwe. Hutoa nyuzi zinazodhuru mapafu.

*Kijana wa Kasarani: Nikitia Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo) kwenye chupa ya sabuni, je?*
Hapana, ndugu. Huharibu sili za pampu na kuunguza maua. Tumia sabuni ya mashine, au sugua ukungu kwa brashi kwanza.

*Wa Lang'ata: Maji yakikatika katikati ya kazi?*
Zima papo hapo. Yakirudi, acha bomba limwage uchafu kwanza, halafu rudia hatua ya 4.