Jinsi ya Kukikagua Kikopo cha Marhamu cha Enzi za Warumi

Anayekabidhiwa kichupa au kikopo cha marhamu cha kale, kikiwa bado na udongo, hushawishika kukiosha mara moja ili nakshi zake zionekane. Asifanye hivyo. Masalia yaliyoganda ndani, hata yakiwa utando mwembamba tu, yana habari ambazo chombo chenyewe hakiwezi kuzitoa, na yakishamwagwa pamoja na maji hayapatikani tena.

Kipige picha pande zote, pima kimo, kipenyo na uzito, kisha utazame mdomo wake. Vichupa vya shaba nyeusi ambavyo Warumi walikwenda navyo hamamu, pamoja na chuma kilichopinda cha kukwangulia mafuta na jasho mwilini, huwa na shingo nyembamba kwa sababu mafuta yalimiminwa kidogo kidogo kiganjani. Kikopo chenye mdomo mpana na kifuniko cha kubana, kwa kawaida, kiliwekwa kitu kizito cha kuchotwa kwa kidole. Umbo, hata hivyo, ni dokezo tu, maana chombo huweza kubadilishiwa kazi. Uamuzi uachiwe maabara.

Mfano bora ninaoujua ni kikopo cha bati kilichofukuliwa mwaka 2003 katika mtaro wa eneo la mahekalu huko Southwark, London, ambacho ni cha karne ya 2 BK. Kifuniko kilikuwa kimebana vizuri hata krimu nyeupe ikabaki ndani, ikiwa na alama za vidole vya aliyeichota mara ya mwisho. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Bristol waligundua kwamba ilitengenezwa kwa mafuta ya mnyama, wanga na oksidi ya bati iliyoipa weupe, wakaitengeneza upya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004. Kama kikopo hicho kingesuuzwa, tungebaki na kopo tupu.

Kwa hiyo, vaa glavu zisizo na poda, kwa sababu mafuta ya ngozi yako huchanganyika na yale ya kale na kupotosha vipimo. Ukikuta kifuniko kimefungwa, usikibandue. Kipeleke maabara kikiwa hivyo hivyo, na kabla ya hapo kiweke mahali pa baridi. Masalia yaliyodondoka yaokote kwa kibano safi na uyaweke katika chupa ya kioo, si mfuko wa plastiki, kwani plastiki hutoa kemikali zinazoingia kwenye sampuli.

Baada ya sampuli kuchukuliwa, geukia madini yenyewe. Shaba nyeusi ikionyesha madoa ya ungaunga wa kijani hafifu, hiyo ni kutu inayotokana na kloridi na unyevu, nayo huendelea kula chombo kimyakimya. Kitenganishe na vingine, kiweke katika sanduku linaloziba pamoja na silika jeli, yaani chembe za kunyonya unyevu, na umwite mhifadhi kabla hujakwangua chochote.