Panya wa darini visiwani: namna ya kuwamaliza, kuanzia Kilwa hadi Mtwara

Panya anayetoboa magunia Songo Songo na Kilwa Kisiwani si mwenyeji. Ni panya wa darini, mwembamba, mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Asili yake ni Asia, na aliletwa na vyombo vya baharini. Usimchanganye na panya buku, mkubwa, mwenye ncha nyeupe ya mkia: huyo ni wa Afrika, na wenzake hufundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini.

Anza mvua zikikatika, kati ya Juni na Oktoba. Chakula cha porini kinapungua na panya wenye njaa hufuata chambo. Anzeni pamoja na majirani, kwani jike hubeba mimba wiki tatu tu, na nyumba moja iliyoachwa hujaza mtaa upya.

Kwanza ziba. Panya mdogo hupita tundu la sentimita moja na nusu, kwa hiyo wavu wa kuku haufai. Tumia wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi au pungufu, kisha saruji, ndoo moja kwa tatu za mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, utaulisha wavu kutu. Chukua wa mtoni. Kata matawi yaliyo chini ya mita mbili kutoka kwenye paa. Mchele na dagaa viwekwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Ndoo ya plastiki hutafunwa ukingoni.

Halafu mitego, na iwe mingi kwa mara moja: kumi kwa siku tano inafaa kuliko mmoja kwa mwezi. Panya huogopa kitu kipya, hivyo siku tatu za mwanzo weka chambo bila kutega. Nazi iliyochomwa au karanga za kusaga zinavuta sana. Zifunge kwa uzi, la sivyo atalamba na kuondoka. Mtego wa kubana uelekee ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hutembea akiambaa. Nje, kaa wa nchi kavu na wale wanaotembea na makome hufyatua mitego yote kabla ya usiku wa manane. Iinue juu ya kigingi au tawi, sentimita 50 hivi, na uifunge kamba.

Usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Julai 2022 homa ya mgunda ilithibitishwa Ruangwa, Lindi. Wakati ilipotangazwa walikuwa wagonjwa 20 na vifo vitatu. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia kupitia mchubuko. Vaa glavu na viatu. Mkojo na kinyesi vinyunyizie maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika kumi, kisha futa. Usifagie vikiwa vikavu. Mizoga ifukiwe nusu mita, mbali na kisima.

Sumu tunaiweka mwisho. Zile zinazozuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, na panya aliyelegea huliwa na paka au bundi. Bundi anaogopwa sana pwani yetu, lakini hula panya kila usiku. Ukilazimika, weka ndani ya kisanduku kilichofungwa, chenye tundu la kupita panya tu, na usiguse unga usio na lebo. Mtoto akimeza, mpeleke kituo cha afya papo hapo na pakiti yake, hata kama haonyeshi dalili: damu huanza kutoka siku za baadaye.

Minazi ina kazi yake. Kitale au dafu lililotobolewa karibu na kikonyo na kuanguka ni kazi ya panya. Safisha kilele kwanza, toa makuti makavu na viota. Kisha zungushia shina bati bapa lenye upana wa sentimita 40, kuanzia mita mbili kutoka ardhini, lipishane sentimita kumi, misumari miwili tu. Lazima lilale sawasawa. Vidato vya mkwezi vikibaki wazi chini ya bati, panya atapenya. Mwambie mkwezi, maana ukingo hukata. Makuti ya minazi miwili yakigusana, ivishe bati yote miwili, vinginevyo umefanya kazi bure.

Kunguru wa shingo ya kijivu naye ni mgeni, alifikishwa Zanzibar miaka ya 1890. Vifaranga walale kwenye banda lenye wavu juu, taka zifukiwe siku hiyohiyo, na viota viangushwe vikiwa na mayai. Kunguru mwenye kifua cheupe ni wetu, mwache.

Mkishawamaliza panya, kila mashua inayotia nanga ichunguzwe. Magunia yatikiswe na mafungu ya makuti na kuni yafunguliwe pwani, kabla ya kufika nyumbani. Acheni mitego miwili karibu na bandari mwaka mzima, na chambo kibadilishwe kila wiki.