Somo: Kusafisha nyumba iliyojaa hadi mlangoni, mwenyewe akiwa ndani

Jambo ndugu na dada. Baada ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi) ya mwezi uliopita wengi mliniuliza tulifanyaje kwa mama mkubwa wangu. Naandika yote mara moja, maana nimechoka kurudia kwa simu.

Mama mkubwa anakaa Majengo, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nyumba ya mbao ya vyumba vitatu. Mlango ulikuwa unafunguka kiasi cha mtu kupita ubavu. Ndani kuna kinjia cha upana wa nyayo mbili hadi kitandani, na kitandani kwenyewe alibakiwa na mahali pa kuketi tu. Alilala ameketi, mgongo kwenye magunia. Huku na huku bidoni (madumu) za mafuta za lita 5 zisizo na vifuniko, mifuko mitupu ya makala (makaa) iliyokunjwa na kufungwa kamba kwa unadhifu wa ajabu, beseni zilizopasuka zimepachikwa moja ndani ya nyingine, chumvi iliyogeuka jiwe, nguo za watoto ambao leo wana watoto wao. Paka saba. Harufu ilikupokea ukiwa bado barabarani.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane. Hapa Goma kila mtu anaweka bidoni, kwa sababu maji tunayajua yanavyokuja. Kuweka vitu si ugonjwa. Jiulize mambo matatu: anaweza kupika mahali pa kupikia? Anaweza kulala kitandani? Mlango unafunguka wote? Kama majibu ni hapana, na ukimgusia kutupa kopo moja anatetemeka au analia, hapo umeshaingia kwenye ugonjwa wa kulimbikiza. Madaktari wa akili wa Marekani waliuandika kama ugonjwa unaosimama peke yake mwaka 2013, na sasa uko pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Mara nyingi huanza mtu akiwa kijana mdogo, ukakua polepole, ukaonekana wazi uzeeni. Msiba au kupoteza mali huweza kuukoleza.

Kwa mama mkubwa siku naijua: Januari 17, 2002. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikachukua nyumba yake ya Birere na kila kilichokuwamo. Alitoka na sufuria moja na mtoto mgongoni. Lakini msiseme kila aliyeunguliwa na volkano huwa hivyo. Mama yangu mzazi alipoteza nyumba siku ileile, na yeye hutupa hata vitu ambavyo mimi bado navihitaji.

Hatua ya 1: Ongea naye, na usimwibie

Hapa ndipo sisi tuliharibu. Mara ya kwanza alilazwa hospitali siku tano kwa ajili ya kifua. Sisi watoto tukajiona wajanja: tukaita vijana sita na chukudu mbili (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), siku mbili nyumba ikawa nyeupe, tukapaka na rangi. Alipofika mlangoni hakusema kitu. Aliingia, akagusa ukuta, akauliza, “Mfuko wangu wa buluu uko wapi?” Hatukujua mfuko gani. Hakutusemesha kwa miezi minne, na katika miezi hiyo minne nyumba ilijaa tena kuliko mwanzo, safari hii na vitu alivyookota usiku.

Mara ya pili tulienda na kigoda. Yeye anaketi mlangoni, sisi tunamletea kitu kimoja kimoja, yeye anasema. Jumamosi ya kwanza tulitoa beseni nne na viatu vitatu kwa saa tatu. Ndiyo, vinne na vitatu. Yote kwa jumla ilituchukua Jumamosi kumi na moja.

Maneno yana uzito. Neno takataka lisikutoke mdomoni mbele yake. Sema “vitu vyako”. Usimuulize “hii ya nini?”, kwa sababu atapata jibu, kila kitu kina jibu. Muulize “hii tuiweke wapi?” Akishindwa kupata mahali, mara nyingi mwenyewe atasema itoke.

Mzee anayeheshimika asaidie kuanzisha mazungumzo. Kwetu alikuwa mama mmoja wa kwaya yake. Sisi watoto wa ndugu tulionekana tunaitaka parsele, yaani kiwanja chake.

Hatua ya 2: Tazama hatari kabla ya kugusa rundo

Moto. Kama anapikia makala ndani katikati ya karatasi na nguo, toa mbabula (jiko la makaa) nje siku hiyohiyo, mengine yasubiri. Kisha fungua njia ya kumwezesha mtu kubeba mgonjwa hadi nje. Hiyo ndiyo kazi ya siku ya kwanza, hata kama hujatupa kitu: kusogeza tu.

Vyuma. Mtu anayeokota vyuma katika mji uliopita vita kama huu wetu anaweza kuwa ameokota kitu kibaya bila kujua. Ukiona chuma cha umbo la yai, au kirefu chenye mkia kama samaki, au risasi zilizofungwa pamoja, usiguse, usimwagie maji, usipige picha kwa karibu. Toa watu wote, zuia njia, mwambie shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) awaite wanaotegua mabomu. Kazi imeisha kwa siku hiyo.

Mazuku. Watu wa upande wa ziwani, Himbi, Keshero, kwenda Mugunga, mnajua. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni na kwenye mashimo. Chumba cha chini kilichofungwa na marundo kwa miaka kinaweza kuishika. Fungua, acha upepo upite mchana kutwa, mtoto asitangulie kuingia, usiiname kuokota kitu peke yako. Wazee hushusha mshumaa kwa kijiti: ukizimika, pale hapafai kabisa. Usipozimika bado usijiamini, na kama kuna harufu ya petroli achana na mshumaa.

Hatua ya 3: Jifunike

Buti za mpira, glavu nene, kashne (barakoa) ya kweli na si kitambaa cha kanga, nguo utakazozichemsha jioni. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu hata siku moja, vumbi lake unalivuta kifuani. Nyunyiza maji ya klorini, subiri robo saa, ndipo uzoe kwa kitambaa. Panya huleta magonjwa mengi. Jirani zetu wa Ituri bado wana tauni hadi leo, na tauni inasafiri na viroboto wa panya.

Hatua ya 4: Chambua

Anzia mlangoni kuingia ndani, na juu kushuka chini. Ukivuta kitu cha chini rundo litakuangukia. Chakula kilichooza kinatoka kwanza, mifuko miwiliwili, na hapo ndipo pekee nilipokaza sauti na mama mkubwa.

Vingine vinagawanywa kwenye shitingi (maturubai) tatu uani: vinabaki, vinatoka, hajaamua. Ile ya tatu itakuwa kubwa. Iache iwe kubwa. Jumamosi inayofuata anzia hapo, utashangaa.

Sasa sikilizeni vizuri. Fungua kila kopo, kila soksi, kila ukurasa wa kila daftari. Karatasi za parsele, kadi ya kura ambayo ndiyo kitambulisho chetu, vyeti vya ubatizo, vyote vinalala katikati ya uchafu. Na tangu benki zifungwe hapa mjini Januari 2025, pesa za watu ziko majumbani. Sisi tulikuta dola 340 ndani ya soksi ya mtoto, soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo ndani ya sufuria, na juu yake maharage yaliyoota ukungu. Mara ya kwanza, tulipotumia chukudu, tulitupa makopo mangapi? Sitaki kuhesabu.

Katika kopo jingine kulikuwa na bunda la zaire, zile noti za Mobutu na kofia yake ya chui. Zilikufa tangu faranga ilipokuja mwaka 1998. Mdogo wangu akacheka, akataka kuzipeleka rundo la kutoka. Mama mkubwa aliinuka kutoka kwenye kigoda kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hatua ya 5: Kutoa

Ardhi yetu ni jiwe la lava, shimo la kufukia huchimbi. Plastiki usichome uani, moshi wake utawaingia majirani na ugomvi utaanza. Mtaroni au ziwani, hapana, maji hayohayo ndiyo watu wanachota Kituku. Jaza mifuko ya makala, patana bei na wazoa taka wa mtaa kabla hawajaona rundo, lipia chukudu. Vyuma na bidoni nzima zina wanunuzi. Pesa ya mauzo mpe yeye mkononi, mbele ya watu.

Hatua ya 6: Kuosha

Sabuni na maji kwanza, klorini baadaye. Klorini ikikutana na uchafu mwingi inaishiwa nguvu kabla ya kuua kitu.

Vipimo ni vilevile tulivyofundishwa wakati wa kipindupindu na Ebola. Klorini ya unga ya asilimia 70, vijiko vya supu 10 kwa lita 20 za maji, ni ya sakafu, kinyesi na matapishi. Kijiko 1 kwa lita 20 ni ya vyombo na vitu vinavyoguswa, halafu suuza. Tengeneza mpya kila siku. Acha ikae dakika 15 kabla ya kufuta.

Hatari ambayo watu hawaijui: mkojo. Pale paka saba walipokojoa miaka yote kuna amonia, na amonia ikikutana na javeli (klorini ya maji) inatoa moshi unaochoma mapafu. Macho yalinitoka machozi nikadhani ni harufu tu, kumbe najiua. Osha mkojo kwa maji mengi na sabuni, mara mbili, mara tatu, madirisha wazi, ndipo ulete klorini. Usiichanganye pia na siki wala dawa ya kusafishia choo.

Nyumba za mbao zina tatizo lao. Ubao ukishanywa mkojo hauoshiki. Tuling'oa mbao tano za chumba cha nyuma tukaweka mpya. Ilikuwa nafuu kuliko sabuni tuliyokwisha kumwaga.

Hatua ya 7: Kurudi

Kila Jumamosi mtu mmoja anapita, anakunywa chai, anaondoka na mfuko mmoja ambao yeye mwenyewe ameufunga. Zaidi ya hapo hakuna. Rundo la bidoni kumi limebaki kwenye kona na ni lake.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Keshero: Yaya (dada mkubwa), mama yetu anaenda Kampala kwa matibabu wiki tatu. Si ndiyo nafasi yetu?

Jibu: Soma tena hatua ya 1. Akiwa Kampala rekebisheni bati linalovuja, basi. Na mwambieni kabla hajaondoka.

Kutoka Birere: Huyu si ndugu yetu, ni jirani tu. Panya wanatoka kwake wanaingia kwetu, watoto wanaharisha. Tuna haki gani?

Jibu: Kuharisha kwa watoto kusisubiri jirani, wapelekeni kituo cha afya leo, hapa kipindupindu hakipumziki. Kwa jirani, mwone kiongozi wa nyumba kumi, halafu shefu wa avenyu, lakini msiende kundi zima siku ya kwanza. Aende mmoja anayemsalimu kila asubuhi. Ombeni upande wa uzio wenu tu usafishwe, mita moja, na mjitolee kuifanya ninyi. Akiona hamkugusa kingine atawaruhusu mita ya pili.

Kutoka Kadutu, Bukavu: Baba mdogo anasema vitu havijawahi kumuua mtu. Nimjibu nini?

Jibu: New York, mwaka 1947, ndugu wawili wa ukoo wa Collyer walikutwa wamekufa katika nyumba yao iliyojaa hadi darini. Mmoja aliangukiwa na marundo yake mwenyewe alipokuwa akipita kwenye kinjia. Mwingine, kipofu aliyemtegemea kwa chakula, alikufa kwa njaa hatua chache tu kutoka hapo. Zilitolewa tani zaidi ya 100. Lakini baba mdogo hatabadilika kwa hadithi ya New York. Kadutu nyumba zimebanana mlimani na mnajua moto unavyopanda. Mwombe njia ya mita moja ili wajukuu wapite, hilo atalielewa.

Kutoka Ndosho: Kuna dawa ya kumeza?

Jibu: Dawa maalumu ya ugonjwa huu hakuna. Daktari anaweza kutibu huzuni au hofu iliyopo pamoja nao. Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo na mtaalamu, pamoja na mazoezi ya kuamua na kuachia, kidogo kidogo. Vituo vya afya ya akili vipo: hapa Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Sisi tulimwambia mama mkubwa tunaenda kuzungumzia usingizi wake, na kweli alikuwa halali.

Kutoka Himbi: Na paka?

Jibu: Wawili wamebaki, watano wamepata kwao. Usiwaondoe wote, panya watakushukuru.

Kutoka Katindo: Mfuko wa buluu ulikuwa na nini?

Jibu: Hajasema. Nimeuliza mara mbili, sitauliza ya tatu.

Kutoka Majengo (jirani yake): Na zile zaire?

Jibu: Ziko kwenye kopo, kopo liko juu ya kabati jipya. Jumamosi iliyopita nilimkuta anazihesabu mbele ya mjukuu, anamwonyesha hii ingenunua nini wakati ule. Alipomaliza akanipa mfuko wake wa wiki, ameufunga tayari.