Kuhama komyuniti koleji kwenda chuo kikubwa Marekani: anza na kozi, jina la chuo litafuata

Hii nawaandikia vijana wetu mlioko Marekani kwenye komyuniti koleji (vyuo vya miaka miwili), wa Bongo, wa Kenya, wa Kongo mliofika huku kupitia kambi za Nyarugusu au Kakuma, na wazazi na mashangazi mnaowalipia. Kila mtu anasema nitasoma miaka miwili hapa alafu nihamie Berkeley au Cornell, na inawezekana kabisa, watoto wetu wanaingia. Ila kitu ambacho hakisemwi vya kutosha ni kwamba kuhama kunaamuliwa semista ya kwanza, siku ile unachagua kozi, sio siku unajaza fomu ya maombi. Fomu inakuja kuonyesha tu kile ulichokwisha kufanya.

Ntaeleza zaidi California kwa sababu ndo mfumo ulio wazi kuliko yote, alafu ntagusa vile vyuo binafsi vikubwa.

California kuna komyuniti koleji 116, na vyuo vya University of California, yaani UC (Berkeley, UCLA, San Diego na wenzao) vinawapa kipaumbele wanaotoka humo. Yaani ukiwa kwenye koleji ya California uko mbele ya mtu anayehama kutoka chuo kikuu cha jimbo lingine, hata kama chuo chake kina jina. UCLA wanaoomba kutoka sekondari wanaopita ni chini ya 10 kwa mia, wanaoomba transfa ni kama robo hivi. Ndo maana nasema usione aibu na komyuniti koleji hata kidogo, na mzazi acha kusema mtoto "hajapata chuo".

Sasa kazi ya kwanza, kabla hata hujaenda kwa kaunsela: fungua assist.org. Chagua mwaka wa masomo, chagua koleji yako, chagua UC unayotaka, alafu chagua meja, yaani fani unayotaka kusomea. Itakuletea ukurasa wenye safu mbili, kushoto kozi za UC, kulia kozi ya koleji yako inayolingana nayo. Mahali pengine utakuta imeandikwa hakuna kozi inayolingana, hiyo maana yake koleji yako haiifundishi, na hapo unaangalia kama koleji jirani wanayo ukaichukue huko, inaruhusiwa. Print huo ukurasa au usevu kwenye simu, ndo ramani yako ya miaka miwili.

Ngoja nionyeshe kwa nini nasisitiza. Chukua mtu wa kompyuta sayansi au injinia. Vyuo vingi vya UC vitataka kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, linia aljebra, fizikia yenye kalkulasi, na kozi za programu. Kalkulasi zinafuatana, huwezi kuruka. Sasa mtoto anafika, mtu wa ofisini anamwangalia anamwambia anza na prikalkulasi (hesabu ya maandalizi) ili uzoee, naye kwa heshima anakubali. Hesabu sasa: semista ya kwanza prikalkulasi, ya pili kalkulasi 1, ya tatu kalkulasi 2, ya nne kalkulasi 3, na linia aljebra inabaki inaning'inia, unalazimika kuibana pamoja na kalkulasi 3 au kuongeza mwaka mzima. Na kumbuka maombi unatuma mwezi wa kumi na moja mwaka wa pili, wakati huo kwenye transkripti (karatasi ya matokeo yako) ingeonekana kalkulasi 1 peke yake imekamilika. Kama Tanzania ulisoma mchepuo wa hesabu, PCM, PGM au EGM, una Advanced Math ya Form Six, hizo derivativu na integro umeshazifanya mpaka ukachoka, kwahiyo beba cheti chako cha NECTA, nenda ukaombe kuanzia kalkulasi 1. Sema kwa adabu lakini sema. Huku kunyamaza hakuhesabiwi kuwa heshima, wanaona tu huna shida na walichokupangia.

Mtu wa CBG aliyesoma BAM (hesabu ya msingi) tu, au uliyetoka KCSE na hesabu yako ni ya kawaida, anza mahali panapokufaa na utumie samaa, kozi za kiangazi zinaokoa sana kwenye mnyororo kama huu.

Masharti ya jumla ya UC ni haya: yuniti 60 za semista zinazokubalika, GPA (wastani wa gredi zako) isiyopungua 2.4 kwa mkazi wa California na 2.8 kwa asiye mkazi, na kozi saba za msingi, mbili za kuandika Kiingereza, moja ya hesabu, nne za maeneo mengine. Hiyo GPA ni ya kuruhusiwa kuomba tu. Kwa UCLA na Berkeley wanaopita kwa kawaida wako 3.5 kwenda juu, na kwa kompyuta au biashara ni juu zaidi ya hapo. Zile kozi mbili za Kiingereza ukizipata kwa C au zaidi zinaweza pia kukutosha kuthibitisha lugha bila TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, kwahiyo zichukue mapema.

Alafu kuna TAG, yaani dhamana ya kupokelewa. UC sita wanaitoa: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Ukitimiza masharti yao ya GPA na kozi nafasi yako ipo. Berkeley, UCLA na San Diego hawatoi. Unaomba TAG moja tu, fomu yake inatumwa kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, na sio meja zote zimo kwa hiyo soma orodha ya mwaka wako. Wenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) pia wanaruhusiwa mradi wamefikisha yuniti 30 za komyuniti koleji ya California. Ushauri wangu ni huu: weka TAG kwenye chuo ambacho kweli ungekaa, ndo uende kupambana na Berkeley ukiwa na usingizi wako. Na ulizia ofisi ya onazi (ya wanafunzi wenye gredi za juu) kwenye koleji yako kama wako kwenye mpango wa TAP wa UCLA, ukimaliza mpango huo maombi yako UCLA yanaangaliwa kwa kipaumbele kwa meja nyingi.

Maombi yenyewe ya UC yanapokelewa kuanzia Oktoba 1 mpaka mwisho wa Novemba, wakati mwingine wanasogeza siku moja mbili kama tarehe imeangukia wikiendi. Ada ni dola 80 kwa kila kampasi, na dola 95 kwa wanafunzi wa kimataifa, kwahiyo ukichagua kampasi tano hesabu mfuko wako kabla. Hawataki barua za mapendekezo, hawaangalii SAT. Wanataka majibu manne mafupi, kila moja lisizidi maneno 350, moja ni la lazima kwa wa transfa: umejiandaaje kwa meja unayoomba. Januari wanakutaka uingie tena ujaze matokeo ya semista iliyoisha na kozi unazochukua, mwisho Januari 31, na wapo watu wanadhani wameshamaliza Novemba hawafungui tena hata imeli. Fungua imeli kila siku jamani, na spamu pia.

Hilo swali la meja ndo pa kutuliza kichwa. Watoto wetu wengi wanaanza na shida za nyumbani, baba alifariki, tulitembea kilomita kadhaa kwenda shule, na mimi sisemi ufiche maisha yako, yaandike kwenye maswali mengine yanayoyauliza. Ila hapa wanataka kujua umesoma nini na umefanya nini nacho. Linganisha mwenyewe. Mmoja anaandika "tangu utotoni nimependa baiolojia na ndoto yangu ni kuisaidia jamii yangu." Mwingine anaandika kwamba kwenye maabara ya baiolojia 2 alirudia kuotesha bakteria baada ya sahani zake kuchafuka, akaenda ofisini kwa mwalimu kuuliza kilichotokea, akaishia kusaidia kuandaa vifaa vya darasa lililofuata, na sasa anataka kusoma kinga ya mwili kwa sababu ya mada fulani iliyomtatiza kwenye kozi hiyo. Huyu wa pili msomaji anamuona amekaa maabara. Huyo wa kwanza wako maelfu.

Vyuo binafsi ni dunia nyingine. Huko unatumia Common App ya transfa, fomu moja ya mtandaoni inayotumwa vyuo vingi, na tarehe zao zinaangukia Machi, Harvard na Yale Machi 1, Stanford na Cornell Machi 15. Hakikisha tovuti ya mwaka wako. Nafasi hazifanani kabisa. Harvard na Stanford wanachukua wachache mno, kama mmoja au wawili kwa kila mia wanaoomba. Princeton waliacha kupokea transfa kuanzia 1990 wakarudisha 2018, na wamesema wazi wanawatafuta wa komyuniti koleji, wa kipato cha chini na waliotoka jeshini. Cornell ndo wanachukua wengi, mamia kila mwaka, na shule yao ya kilimo na sayansi za maisha ina makubaliano na koleji nyingi kuhusu kozi gani zinahesabika. Kama umezidi umri wa kawaida au uliacha shule ukafanya kazi, mfano umelea watoto au umeendesha malori miaka kadhaa, angalia School of General Studies ya Columbia na mpango wa Eli Whitney wa Yale, ipo kwa ajili ya watu kama wewe.

Hawa wanataka barua za walimu, kwa kawaida mbili, na sio kaunsela tu. Profesa mwenye darasa la watu 40 hawezi kukuandikia kitu kama hakujui, kwahiyo nenda kwenye saa zake za ofisi kuanzia wiki ya pili, na swali lako uwe nalo mkononi, hata kama ni moja. Ukimuomba barua mpe wiki nne, mtumie transkripti, ile kazi yako aliyoisahihisha yenye maoni yake, mistari michache kueleza kwa nini unahama, na tarehe ya mwisho umeiandika juu kabisa. Muulize kama anaweza kukuandikia barua nzuri, akisitasita mshukuru utafute mwingine. Kuna pia fomu ya ofisi ya koleji na ripoti ya katikati ya semista ambapo kila mwalimu anaandika gredi yako ya sasa, hiyo peleka mapema kwa sababu walimu wa muda wanafika siku mbili kwa wiki tu.

Watataka na matokeo ya sekondari. NECTA na KNEC wanatuma uthibitisho moja kwa moja kwa chuo lakini sio kazi ya wiki moja, anza Novemba. Na kama ulisoma hata semista moja UDSM, Nairobi, Makerere au popote kabla hujaja huku, lazima uitaje, kwa UC na kwa binafsi pia. Hata kama uliacha, hata kama matokeo hayakuwa mazuri. Wakija kugundua baadae wanaweza kufuta nafasi yako au hata digrii, na gredi mbaya ya miaka hiyo ukiieleza kwa sentensi mbili inaeleweka.

Hela. Hapa naomba wazazi wasome wenyewe. Mwenye uraia au green card anajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali, na wengi mliokuja kama wakimbizi mko humu sasa. Mwenye F-1 akienda UC analipa nyongeza ya asiye mkazi, zaidi ya dola 37,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na UC hawana msaada mkubwa kwa wa kimataifa. Kwahiyo kuna kijana wa F-1 ambaye kwake chuo binafsi kinachotoa msaada kamili ni rahisi kuliko UC, japo kuingia ni kugumu. Uliza kila chuo swali hili hili: je, mnatoa msaada kwa transfa wa kimataifa, na kuomba msaada kunaathiri kupokelewa? Majibu ya wanaotoka sekondari mara nyingi sio majibu ya transfa. Angalia pia taasisi ya Jack Kent Cooke, wana ufadhili maalum wa wanaotoka komyuniti koleji, mpaka dola 55,000 kwa mwaka, na jiunge na Phi Theta Kappa, chama cha wanafunzi wenye gredi nzuri, kwenye koleji yako, vyuo vingi vina punguzo kwa wanachama wake.

Ukishapokelewa, mwenye F-1 bado ana kazi. Mwone DSO (ofisa wa wanafunzi wa kimataifa) wa koleji yako na barua ya kupokelewa, mkubaliane tarehe ya kuachia rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), baada ya tarehe hiyo chuo kipya ndo kinakutolea I-20, ile hati ya mwanafunzi wa F-1. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Usichague tarehe ya kuachia kabla hujapata majibu ya vyuo vyote, ikishahamishiwa chuo kimoja kuirudisha ni usumbufu mkubwa. Viza kwenye pasi ikiwa bado hai huhitaji kuomba nyingine kwa sababu tu jina la chuo limebadilika, unasafiri na I-20 mpya iliyosainiwa. Na semista ile ya mwisho usilegee, shikilia yuniti 12 kila semista, kozi ya mtandaoni isiyozidi moja kati ya hizo, na gredi zako zibaki pale pale, maana barua ya UC ina masharti na transkripti ya mwisho wanaisoma Julai.