Kabla Hujamkatia Mzee Tiketi ya Basi la Mkoani

Mama alipokuja Dar kutoka Mbeya, alishuka Mbezi midomo imemkauka na miguu imevimba. Chupa ya maji aliyokabidhiwa alfajiri ilikuwa mkobani, haijafunguliwa. “Sikutaka kusimamisha gari nichimbe dawa mbele za watu,” akaniambia. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba maandalizi ya safari ya mzee yanaanzia chooni.

Wazee wengi hujinyima maji hivyo hivyo, kimyakimya. Zaidi ya kilomita 800 bila maji, kwenye joto la basi, huleta kizunguzungu na presha kushuka. Kwa hiyo siku chache kabla, mwulize faragha: huwa unakwenda haja kila baada ya muda gani? Binti akimwuliza mama, na kijana akamwuliza baba, jibu hutoka kwa urahisi zaidi. Anayetumia vidonge vya kukojosha asiviache kwa uamuzi wake. Amwulize daktari avimeze saa ngapi siku ya safari. Pedi za watu wazima zipo famasi, wala si aibu.

Kisha panga vituo. Kutoka Dar kwenda Mbeya, stendi ya Msamvu pale Morogoro ashuke hata kama hajabanwa, maana mbele kuna kama kilomita 50 ndani ya hifadhi ya Mikumi, na humo abiria hawashuki ovyo. Ruaha Mbuyuni ashuke tena kabla ya kupanda mlima Kitonga. Mweleze kondakta mapema, kabla gari halijaondoka, na ukate siti ya mbele upande wa njia ili asiwaruke watu. Anayeishia Morogoro au Dodoma, mimi ningemkatia treni ya SGR bila kusita: vyoo vimo humo humo ndani ya treni, na anaweza kusimama akanyoosha miguu. Kwenye basi, achezeshe nyayo kila mara na atembee kila linaposimama, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kusogea kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu.

Dawa zisiende kwenye buti la basi, hasa insulini, ambayo joto huiharibu. Ikiwekwa na barafu, isigusane nayo. Zikae kwenye mkoba wa mapajani, na ziada ya siku kadhaa, pamoja na kadi ya bima na karatasi yenye majina ya dawa, dozi na namba za ndugu wawili. Mwezi wa sita na wa saba ongeza sweta na soksi humo humo. Baridi ya Makambako haimsubiri mtu afungue begi.

Wakifika, asikimbilie kusimama. Watu watangulie, yeye akunje na kukunjua magoti kwanza, kwani ngazi za basi ni ndefu na miguu imekufa ganzi. Mpokeaji asingoje getini. Aje mpaka mlangoni mwa basi, amshike mkono kwanza, mizigo baadaye.