Kabla Hujalipa Nauli: Kuweka Sawa Hati za Safari ya Ng'ambo

Saiba, yaani duka la intaneti, ninayofanyia kazi iko katikati ya Nairobi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Nyayo House, zilipo ofisi za uhamiaji. Kila siku huingia mtu aliyeshika bahasha ya kaki akiomba nimjazie fomu ya pasipoti au ya viza. Mwaka jana alikuja mama mmoja aliyetaka tu kuchapishiwa tiketi. Binti yake anayefanya kazi Dubai alikuwa amejifungua, akamlipia mama yake nauli aende akae naye wiki tatu. Nilimwomba pasipoti nilinganishe majina, macho yangu yakaangukia tarehe.

"Mama, hii imebaki na miezi minne."

"Si inatosha, mwanangu? Mimi naenda wiki tatu tu."

Haikutosha. Falme za Kiarabu hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita ya kutumika unapoingia, na nchi nyingi zina sharti kama hilo. Mama yule alilia palepale kwenye kiti cha plastiki, shali aliyomfumia mjukuu ikiwa ndani ya mkoba wake. Alisafiri hatimaye, lakini baada ya kuomba pasipoti mpya na kulipia mabadiliko ya tiketi. Alipofika, mtoto alikuwa ameshaanza kucheka.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia afungue pasipoti kabla hajatafuta ndege. Ile ya kielektroniki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017, hudumu miaka 10. Aliyepata yake Septemba 2017 ataona imeandikwa Septemba 2027, lakini kwa nchi zinazodai miezi sita, pasipoti hiyo huhesabiwa imekwisha tangu Machi mwaka huo huo. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya safari. Kisha tazama kurasa. Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hutaka kurasa mbili zisizo na kitu, pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na miezi mitatu zaidi baada ya siku utakayoondoka huko. Ukurasa uliochanika, picha iliyolowa maji, jalada lililobanduka: hayo nayo yanatosha kukurudisha nyumbani.

Maombi yenyewe ya pasipoti huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini lazima ufike mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Beba kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, vyote halisi, pamoja na nakala. Watu wengi hukwama kwenye cheti. Mtu ana miaka 40 na hajawahi kukishika mkononi, anagundua siku ile ile kwamba kiko kijijini ndani ya sanduku la marehemu baba, au hakikuwahi kuchukuliwa kabisa. Kitafute mapema, hata kama huna safari.

Sasa majina, na hapa naomba uwe mwangalifu sana, kwa sababu ndipo ninapoona machozi mengi zaidi. Mteja wangu mmoja alikuwa Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa, na Mohammed kwenye kadi ya chanjo aliyojaziwa na muuguzi kwa kalamu. Nyumbani hilo si neno, wote wanajua ni yeye. Afisa wa uhamiaji aliye mbali huona watu watatu. Tofauti ya aina hiyo hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, au kwa kubadili jina rasmi ikiwa tofauti ni kubwa, na hakuna njia kati ya hizo inayomalizika kwa siku moja. Dada aliyeolewa na kuanza kutumia jina la mume anakabiliwa na jambo hilo hilo: tiketi ifuate pasipoti, hata kama kazini na benki anajulikana kwa jina jipya.

Ukiwa unajaza jina kwenye tiketi, usiliandike kwa kukumbuka. Fungua ukurasa wenye picha, tazama ile mistari miwili ya chini iliyojaa alama kama vichwa vya mishale. Baada ya herufi KEN linakuja jina la ukoo, kisha alama mbili zikifuatana, halafu majina yako mengine. Hivyo ndivyo mashine itakavyokusoma. Andika herufi kwa herufi kama ilivyo pale, na mtu wa pili akusomee kwa sauti kabla hujalipa.

Viza ina masharti yake kwa kila nchi, na tovuti ya ubalozi au ya idara ya uhamiaji ya nchi hiyo ndiyo ya kuaminiwa, si jirani aliyeenda miaka mitano iliyopita. Schengen hupokea maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Ubalozi ukitaka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, wape ile inayoonyesha maisha yako yalivyo. Kuna watu hukopa laki mbili au tatu, wakaziweka kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Afisa huona mara moja kwamba fedha hizo hazilingani na mshahara. Afadhali akaunti ndogo yenye mtiririko unaoeleweka, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara ikiwa umejiajiri, na barua fupi ya kueleza nani anagharamia nini. Tarehe za likizo, za hoteli na za tiketi zikubaliane. Usikubali hata kidogo karatasi ya kughushi kutoka kwa mtu anayeahidi mambo yatakwenda haraka. Uingereza inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10 kwa udanganyifu katika maombi, na fomu nyingi za nchi nyingine huuliza kama umewahi kukataliwa viza popote.

Kutohitaji viza hakumaanishi kutohitaji hati. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90, lakini asipokuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano atapata taabu, kwa sababu Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa mkesha wa safari hakusaidii. Tangu Julai 2016 chanjo moja hutambuliwa maisha yote; kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali, usiitupe. Mzee aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, au mama mjamzito, aongee kwanza na daktari, na akishauriwa asichanjwe apewe barua rasmi ya msamaha. Wanaokwenda Hija au Umra wana sharti la chanjo ya homa ya uti wa mgongo pia, na hiyo nayo ipigwe angalau siku 10 kabla.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni nchi ya kupitia. Mkenya anayebadilisha ndege London huhitaji viza ya kupitia hata kama hatatoka nje ya uwanja, isipokuwa awe na kitu kinachomwondolea sharti hilo, kwa mfano viza halali ya Marekani au Kanada. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni hatari zaidi: huenda ukalazimika kupita uhamiaji, uchukue mzigo na kuukabidhi upya, na hapo unahesabiwa kuwa umeingia nchi hiyo. Ikiwa tiketi ya bei nafuu ina vituo viwili, ongeza gharama ya viza hizo ndipo ujue kama kweli ni nafuu.

Uganda na Rwanda hupokea kitambulisho cha Mkenya. Bado mimi hushauri ubebe pasipoti ikiwa unayo, maana safari huweza kuendelea mbele.

Mtoto anaposafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, tayarisha barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo, iliyotiwa saini mbele ya wakili au kamishna wa viapo, pamoja na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Ikiwa mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo kibebwe.

Kwa vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, ninasema kama ndugu: usipande ndege bila kuusoma mkataba wote, na uhakikishe wakala ana leseni ya serikali kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Piga picha mkataba, viza na ukurasa wa pasipoti, utume kwa watu wawili nyumbani, mmoja wao asiwe mzazi mgonjwa ambaye simu yake huzimika. Pasipoti ya Kenya ni mali ya serikali, wala si ya mwajiri. Ikipotea au ikizuiwa, nakala hizo ndizo zitakazousaidia ubalozi kukutambua upesi na kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani.

Siku ya kuondoka, hati zote ziwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Nimesikia zaidi ya mara moja habari za watu waliofungia kadi ya chanjo ndani ya sanduku lililokwisha pita kwenye mkanda. Mhudumu wa kaunta JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, atakagua viza yako kwa mfumo unaoitwa Timatic, kwa sababu shirika la ndege linalombeba abiria asiye na hati hutozwa faini na humrudisha kwa gharama za shirika lenyewe, kwa hiyo usimwone mkali. Weka kwenye karatasi anwani na simu ya mwenyeji wako, maana fomu za kuingia huiuliza na intaneti ya uwanja mgeni si ya kutegemea.

Na ukishagongewa muhuri huko uendako, usiondoke dirishani kabla hujasoma siku ulizopewa. Afisa akiandika siku 14 wakati tiketi yako ya kurudi ni ya siku ya 21, muulize palepale kwa adabu, pasipoti ikiwa bado wazi mbele yenu nyote wawili.