Jinsi ya kuandaa mbio za ramani na dira msituni, jioni ya majira ya joto

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye klabu yake imemwambia, "Jumanne ijayo ya mwezi wa saba ni zamu yako." Hapa Sweden klabu nyingi hujiendesha hivyo: wanachama hupokezana kuandaa mbio ndogo za jioni, bila zawadi wala mbwembwe. Mkimbiaji anapewa ramani, anavitafuta vituo msituni kwa mpangilio uliochorwa, ila pa kupita anapachagua mwenyewe. Kule kuchagua ndiyo mbio yenyewe. Ukikuondoa, umeandaa mbio za kawaida zenye miti pembeni.

Hatua ya 1: Ongea na mwenye ardhi

Sheria ya Sweden inamruhusu mtu kutembea katika msitu usio wake, mradi asisogelee nyumba za watu wala kuharibu kitu. Kundi lililopangwa ni jambo jingine, kwa hiyo piga simu mapema. Uliza mifugo iko wapi, miche imepandwa wapi, ndege wanaatamia wapi, kisha uyafunge maeneo hayo kwenye ramani. Katika mazungumzo hayohayo omba pa kuegesha magari. Kwa maoni yangu magari huleta ugomvi kuliko wakimbiaji.

Hatua ya 2: Isome ramani kwa macho ya mwezi wa saba

Ramani ya mchezo huu kwa kawaida ni ya kipimo cha 1:10 000, yaani sentimita moja ni mita 100. Mgeni hushangaa kwamba rangi nyeupe ndiyo msitu mzuri wa kukimbia, njano ni uwazi, na kijani ni vichaka. Kadiri kijani kinavyokolea ndivyo mwendo unavyopungua. Lakini mchoraji huenda alipita pale mwezi wa nne. Kufikia majira ya joto makangaga yamefika kifuani na mimea ya kuwasha imeziba kingo za mashamba. Usiziamini sehemu za njano mpaka umezikanyaga.

Hatua ya 3: Chora njia

Programu ya Purple Pen ni ya bure na inatosha. Wapangaji wapya huanza kwa kutafuta jiwe zuri la kuwekea kituo. Mimi naanza na mwendo kati ya vituo viwili: nini kimesimama katikati, na kuna njia ngapi za kukikabili? Tuseme kuna kilima. Kukata moja kwa moja ni mita 600, pamoja na kupanda mita 40. Kwa makadirio ya kawaida, mita 10 za kupanda ni sawa na mita 100 za tambarare, kwa hiyo ni kama mita 1,000. Kuzunguka kwa kijia ni mita 950. Hapo mkimbiaji lazima afikiri, na wawili wakifika mwisho watabishana. Hayo mabishano ndiyo unayoyatafuta.

Epuka kona kali inayomrudisha mtu alikotoka, maana anayetoka kituoni humwonyesha anayekuja. Kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe kinachoonyesha kituo usikifiche; aliyefika kwenye jiwe sahihi akione mara moja. Kukificha kunampa ushindi mwenye bahati. Namba za vituo zianzie 31, ili zisichanganywe na mpangilio wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Njia ya watoto ichore mwisho, ukiwa umeshaujua msitu. Ifuate vijia, na kila njia panda iwe na kituo.

Hatua ya 4: Nenda kwa miguu

Funga kipande cha utepe kila mahali palipopangwa kituo. Kisha mpe mwenzako ramani aende peke yake. Usimsindikize, kwani utamwongoza hata kwa macho. Asipouona utepe, hamisha kituo, usianze kumweleza.

Hatua ya 5: Jioni yenyewe

Anza saa 12 jioni. Katikati ya majira ya joto Stockholm ina mwanga hadi kama saa 4 usiku, lakini tangaza saa ya kufunga mapema zaidi. Waambie wavae soksi ndefu na wajikague wakifika nyumbani: kupe wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme na homa ya ubongo.

Sheria moja haina msamaha: kila aliyeanza apite mwisho kusomesha chipu yake, yaani kifaa kidogo alichobeba kinachorekodi vituo alivyopita, hata kama ameacha njiani. Mashine itakuonyesha nani bado yuko msituni. Akikosekana mtu, tazama kwanza kama gari lake lipo, mpigie simu, kisha tuma watu waliozijua njia. Asipopatikana, piga 112, namba ya dharura.

Vibendera visianze kukusanywa kabla orodha ya waliorudi haijatimia, na utepe wote uondolewe usiku uleule. Ng'ombe huutafuna.